Nimesambaza Tu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Kuna maneno mawili ninayoyasikia sana bwenini, kantini na hata nje ya msikiti baada ya swala: "Nimesambaza tu." Mtu akiulizwa kuhusu ujumbe alioutuma kwenye kundi, hajibu kama ni kweli au ni uongo. Anajibu kwamba si yeye aliyeuandika. Leo nataka tuyapime maneno hayo kwa mizani ya dini yetu.

Tuziangalie kwanza siku zetu. Wengi wetu simu ndiyo inayotuamsha kwa swala ya Alfajiri, na kabla hatujatia udhu tumeshapitia makundi matatu. Kwenye basi la kutoka Nyabugogo tunatazama video moja baada ya nyingine. Notisi za mhadhiri, tangazo la darsa na mchango wa msiba, vyote vinapitia WhatsApp. Sisemi simu ni haramu. Hata mimi tafsiri ya Qur'ani naisoma humo humo. Swali langu ni juu ya kidole gumba: kinafanya nini pale kinapopokea habari?

Wiki moja kabla ya mitihani nilijiwekea zoezi. Kila ujumbe ulionifikia ukiwa na alama kwamba umesambazwa, niliuuliza maswali matatu. Nani kasema? Nani kamsikia akisema? Nani atafaidika au kudhurika nikiupeleka mbele? Ilikuja dawa ya kisukari, hadithi isiyotaja mpokezi wala kitabu, tangazo la ufadhili wa masomo, na video ya vita iliyodaiwa kuwa ya Goma. Karibu zote zilikwama kwenye swali la kwanza. WhatsApp hukwambia kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi, lakini haikwambii umepita kwa nani. Na sisi ni umma ambao wanazuoni wake walichunguza maisha ya kila mpokezi wa hadithi, jina kwa jina, kabla ya kuikubali!

Katika Surat Al-Hujuraat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamuru walioamini kuihakiki habari inayoletwa na mtu fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Angalia amri hiyo imeelekezwa kwa nani. Imeelekezwa kwetu sisi tunaopokea. Na Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kuhadithia kila anachokisikia.

Mtu asidhani maradhi haya yameletwa na simu. Mwaka 1908, nchi yetu ikiwa bado ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ilienea barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ilionekana Lindi na miji mingine ya pwani, ikapenya hadi bara. Ilisimulia kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina, ameota ndoto na kuonywa kwamba Kiyama kimekaribia. Watu waliinakili kwa mkono na kuipeleka kijiji cha pili. Utawala wa Kijerumani, uliokuwa umetoka tu kwenye Vita vya Maji Maji, ukashikwa na hofu ya uasi. Ndoto hiyo hiyo ya Sheikh Ahmad bado inazunguka hadi leo, na mwisho wake unaambiwa uipeleke kwa watu kadhaa la sivyo utapata msiba. Vizazi vyote hivyo, na kila aliyeipitisha aliamini anafanya kheri.

Hapa Kigali tunajua zaidi ya wengine habari inaweza kufikia wapi. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Haikuanza kwa kutaja majina ya watu wa kuuawa. Ilianza kwa muziki mzuri, mizaha na watangazaji waliozungumza kama marafiki, na vijana waliipenda. Chuki iliingia taratibu katikati ya vicheko. Kufikia Aprili 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ilikuwa ikitangaza majina ya watu na mahali walipojificha. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Jina la Hassan, ndugu zangu, ni jina la mjukuu wa Mtume. Jina peke yake halimzuii mtu.

Lakini kati ya studio na kizuizi cha barabarani walikuwepo watu wa kawaida, waliosikia na kurudia. Walikuwepo pia Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo waliosikia redio hiyo hiyo, kisha wakafungua milango na kuwaficha majirani zao. Maneno yaliwafikia wote. Kuna nyumba yalipoendelea, na kuna nyumba yalipofia.

Sasa turudi chuoni. Silinganishi msiba ule na mambo ya makundi yetu. Ninachosema ni kwamba ulimi unaozoea kupitisha bila kuuliza hujifunza kwenye mambo madogo. Muhula uliopita ilienea picha ya dada yetu mmoja amesimama na kijana kwenye kituo cha basi, na chini yake yameandikwa maneno ya kejeli. Hadi jioni nilikuwa nimeipokea kutoka kwa watu wanne. Yule kijana ni ndugu yake wa tumbo moja, aliyetoka Rubavu kumletea pesa ya ada. Dada yule alikaa wiki mbili bila kuja darsa. Nilimpigia mmoja wa walionitumia, akanijibu yale maneno mawili.

Nikamkumbusha kisa cha mama yetu Aisha (R.A.). Katika safari ya kurudi kutoka Banu Mustaliq alibaki nyuma akitafuta mkufu wake, na Safwan bin Muattal akamkuta na kumrudisha. Abdallah bin Ubayy akakizua kizushi, na kwa muda wa karibu mwezi Madina ikazungumza. Katika Surat An-Nuur, aya ya 15, Mwenyezi Mungu anawakemea waliokuwa wakiyapokea maneno yale kwa ndimi zao. Habari hupokewa kwa masikio, ikapimwa moyoni. Wao iliruka kutoka ulimi hadi ulimi, kama inavyoruka kwetu kutoka kidole hadi kidole. Na miongoni mwa waliopigwa mijeledi alikuwepo Mistah, sahaba aliyepigana Badr. Mistah hakukitunga kile kizushi. Alikipitisha tu.

Basi tufanye nini? Kwanza, habari isiyo na mwenyewe iishie kwako. Hutaulizwa siku ya Kiyama kwa nini hukuwa wa kwanza kutoa habari. Pili, jambo linalogusa heshima ya mtu usilipeleke hata kama ni kweli, kwa sababu kusema la kweli ambalo mwenzako angechukia ndiko kusengenya kwenyewe. Tatu, aliyekwisha kueneza uongo asitosheke na kuufuta. Aufuate pale pale alipoupeleka, kundi kwa kundi, aseme wazi kwamba haikuwa kweli, kisha amwendee aliyedhulumiwa amwombe msamaha.

Na dada zetu na kaka zetu waliodhulumiwa wasisahau kwamba Abu Bakr (R.A.) aliapa kutomsaidia tena Mistah, aliyekuwa akimlisha. Ikateremka aya ya 22 ya sura hiyo hiyo, akamrudishia msaada wake. Dada yule wa kituo cha basi ameshawasamehe wawili waliomwendea. Waliobaki anawasubiri, na jumba la darsa ni lile lile.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, asitufanye daraja la uongo kumfikia mja wake yeyote, na awarehemu wote waliouawa katika nchi hii. Amin.

Wabillahi tawfiq.