Kosa la Mtoto ni la Nani?

Kijana anapotoroka shule, anapoiba au anapoanza kuvuta bangi, watu huuliza upesi: kosa ni la nani? Wako wasemao ni lake mwenyewe, naye huadhibiwa au hufukuzwa. Wengine hukumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na lawama huwaangukia wazazi. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana upungufu, kwani humtafuta mkosaji kabla ya kutazama jinsi watu wa nyumba hiyo wanavyoishi.

Na tuchukue mfano wa Miami, Marekani. Baada ya mapinduzi ya Kuba ya mwaka 1959, Wakuba wengi walihamia mji huo. Watoto walijifunza Kiingereza na desturi za ugenini upesi kuliko wazazi wao. Katika miaka ya 1970, José Szapocznik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami walianza kuzisaidia familia hizo ambazo vijana wao walikuwa wameharibikiwa. Waliona kwamba kadiri mzazi alivyoshikilia mila za kwao, ndivyo kijana alivyozikimbia. Na kadiri kijana alivyozikimbia, ndivyo mzazi alivyozidi kukaza kamba. Hapo nani aliyeanza?

Katika tiba yao, jamaa huketi pamoja mbele ya mshauri, kwa kawaida mara 12 hadi 16. Mshauri huwaacha wasemezane, akaangalia nani humkatiza nani, na nani humkinga mtoto dhidi ya mwenziwe. Kisha huwasaidia wazazi waafikiane kwanza, ndipo waseme na mtoto kwa kauli moja.

Huenda msomaji akauliza: vikao vichache vyawezaje kutengeneza kilichoharibika kwa miaka mingi? Jibu ni kwamba havikusudiwi kufuta yaliyopita. Hushughulikia mwenendo wa leo, ambao ndio unaoendeleza taabu, na ambao watu waweza kuubadili.

Hata hivyo, hatuna budi kutia mpaka. Mtoto aliyepigwa hata akaumizwa, au aliyenajisiwa, hana fungu lolote katika kosa hilo. Kusema kwamba nyumba nzima inahusika ni kumdhulumu mara ya pili. Hapo mkosaji yuko, na mtoto alindwe kwanza.

Lakini penye ugomvi wa kawaida wa malezi, tutenganishe lawama na wajibu. Lawama hutazama nyuma, na mara nyingi humwelemea mmoja. Wajibu hutazama mbele, na waweza kugawanywa. Baba asiyekuwa na kosa aweza kuwa na wajibu. Hali kadhalika mama, kijana, na hata sisi walimu. Tunapomwita mzazi shuleni ili tumsomee mashtaka ya mwanawe, huondoka na aibu tu. Tumkaribishe aketi pamoja na mwanawe, tumwulize kila mmoja atafanya nini kesho. Kijana akisikia kwamba wakubwa nao wamepewa kazi, huenda akaikubali na yake.