Maji ya Paa Langu

Katika jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba tunajadili zaka, ndoa, malezi ya watoto, hata mavazi ya vijana. Sikumbuki siku ambayo tulijadili namna Mkristo anavyojenga. Mtu akipata kiwanja na fedha za halali, tunamwombea, mchungaji anakuja kubariki nyumba, tunakula pilau na kurudi kwetu. Mambo ya kuta, paa na uwanja tunayaacha kati yake na fundi. Nami niliamini hivyo, mpaka jirani yangu aliponifundisha.

Nilijenga Dodoma miaka michache baada ya serikali kuhamia huku, wakati viwanja vilipokuwa vikipimwa na kuuzwa kila upande. Nilikuwa nakaribia kustaafu ualimu, na kusema kweli nilitaka nyumba ambayo watu wakipita wataigeukia. Nilinunua matofali ya kuchoma bila kuuliza kuni za tanuri zilitoka wapi. Nilikata mikungu miwili iliyokuwa kiwanjani kwa sababu majani yake yangechafua uwanja. Kisha nikamwaga zege uwanja mzima, kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa kuwa kiwanja kina mteremko, fundi aliacha tundu chini ya ukuta, upande wa bondeni, ili maji yatoke. Sikumuuliza yatakwenda wapi.

Usiku mmoja wa Januari ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi nikaitwa na jirani wa bondeni, mama mjane anayeuza maandazi. Jiko lake la matofali mabichi lilikuwa limebomoka upande mmoja, na gunia la mahindi lilikuwa limelowa lote. Nikamwambia, "Pole sana, Mama. Ndiyo mvua ya Mungu hii, tutafanyaje?" Akanitazama bila hasira, akasema, "Mvua ni ya Mungu, Mwalimu. Tundu ni la kwako."

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Siku mbili nzima nilijitetea moyoni. Nina hati. Nina kibali cha ujenzi. Ukuta uko ndani ya mpaka wangu. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichosema.

Wiki ile ilikuwa zamu yangu kuongoza somo la jumuiya. Nikiwa natafuta jambo jingine kabisa, nikakutana na Kumbukumbu la Torati 22:8. Ni mstari mmoja tu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiupita. Unamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, ili asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za wakati ule zilikuwa na paa tambarare. Watu walipanda juu kupumzika na kuanika mazao. Rahabu aliwaficha wapelelezi kwenye paa, chini ya mabua ya kitani. Sisi wa Ugogo hatuhitaji picha kulielewa hilo, kwa maana tembe za wazee wetu nazo zilikuwa na paa tambarare la udongo.

Hebu tuitazame sheria ile vizuri. Paa ni la mwenye nyumba, hakuna anayebisha. Fedha ni zake. Hata hivyo Mungu anaingia mpaka kwenye ramani ya nyumba, anadai kitu ambacho mwenye nyumba huenda asikihitaji kwa ajili yake mwenyewe. Tena anakidai mapema, kabla hajaanguka mtu. Haitoshi kusema kwamba sikumsukuma yeyote. Nikijua kwamba paa langu linaweza kumdhuru mtu, nikaliacha hivyo hivyo, nimekwisha kuhusika.

Nadhani hili ndilo swali letu. Je, namna ninavyojenga na kuishi nyumbani kwangu ni hiari yangu, au ni sehemu ya amri ya kumpenda jirani? Tumezoea kulihesabu kama jambo la hiari. Tunazungumzia kutunza mazingira kama vile tunavyozungumzia sadaka ya ziada: mwenye moyo atoe, asiye nao asilaumiwe. Lakini Zakayo alipotubu alitenganisha mambo mawili. Nusu ya mali yake aliwapa maskini, hiyo ni sadaka. Wale aliowadhulumu aliahidi kuwarudishia mara nne, na hilo ni deni. Jiko la yule mama nililijenga upya, na gunia nikalirudisha. Watu wa jumuiya walitaka kunisifu, nikawaomba wasinisifu, kwa sababu nilikuwa nalipa.

Baada ya hapo ilibidi niitazame nyumba yangu upya. Nilivunja zege sehemu kubwa ya uwanja, nikabakiza njia ya kupita. Udongo ukaanza tena kunywa maji. Nikapanda miti upande wa magharibi, ambako jua la alasiri lilikuwa linachoma ukuta wa chumba cha kulala. Nikafunga gata kwenye paa na kununua tangi la lita 5,000.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo mwalimu kama mimi ningepaswa kuifanya tangu mwanzo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua za Dodoma ni chache, lakini mwaka wa kawaida hupita milimita 500. Paa la mita za mraba 100 hupokea basi lita 50,000. Tuseme sehemu inapotea njiani, tukibaki na 40,000 tu: hizo ni ndoo 2,000 za lita 20. Ndoo 2,000 ambazo nilikuwa nikizitupa kwa jirani kila mwaka, kisha kiangazi kikifika naomboleza kwamba bomba halitoi. Tangi langu haliwezi kuzihifadhi zote. Linajaa na kutumika, linajaa tena, na yanayozidi naelekeza kwenye mashimo ya miti. Maji ya mvua ya kwanza yanayoosha vumbi la paa simwagii tangini, na ya kunywa tunachemsha.

Kwa anayeanza kujenga, mengi hayaongezi gharama yakifikiriwa mapema. Elekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, zile fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Weka madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Acha paa litokeze mbele ya kuta, au weka baraza, ili kivuli kifunike ukuta. Uliza habari za matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa. Hayamalizi kuni, na kwa kuwa yanashikana yenyewe huhitaji udongo wa kujengea kidogo sana. Zaidi ya yote, jenga vyumba unavyovihitaji. Nina vyumba viwili ambavyo havijawahi kulala mtu, nilivijenga kwa ajili ya macho ya wapita njia. Yeremia 22 ina maneno makali kwa mfalme aliyejisifu kwa mwerezi na vyumba vipana, na sijui kama mimi naweza kuisoma sura ile kana kwamba inamhusu mfalme peke yake.

Najua wako watakaosema, "Mwalimu, mimi nimepanga chumba kimoja. Haya ni ya wenye viwanja." Ni kweli, mzigo haulingani, na asiye na paa hadaiwi ukingo wa paa. Lakini maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa mkaa mchache zaidi, na sufuria yenye mfuniko vilevile. Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kumwagiliwa mgomba. Taka za jikoni zikitengwa na plastiki huwa mbolea ya mchicha ndani ya gunia. Mambo haya humsaidia kwanza yule mwenye kipato kidogo.

Wengine husema dunia hii inapita, tunangoja mbingu mpya, ya nini kuhangaika na mifereji? Nawaheshimu, nami nangoja pamoja nao. Ila walioamriwa kuweka ukingo wa paa nao walikuwa watu wa kupita. Mambo ya Walawi 25 inawaambia wazi kwamba nchi ni ya Bwana, na wao ni wageni kwake. Kwa kawaida mgeni mwenye adabu hutunza kuliko mwenyeji. Wala sidai kwamba tangi langu litabadilisha hali ya hewa ya dunia. Halitabadilisha. Ukingo wa paa moja nao haukuzuia vifo vyote vya Israeli. Ulimzuia mtu mmoja asianguke, na Mungu aliona hilo latosha kuliandikia sheria.

Nimalize na kanisa letu. Kila Jumapili ya mvua tunasimama mlangoni tukitazama maji yanavyoporomoka kutoka kwenye paa lile kubwa, yanachimba njia na kushuka kwenye nyumba za watu wa chini. Tumepanga kuchangia vigae vipya vya sakafu. Nimeomba kwenye mkutano wa washarika kwamba gata na tangi vitangulie, na miti ipandwe nyuma ya kanisa. Bado hatujaafikiana. Wako wanaosema vigae vinamtukuza Mungu zaidi, na ninawasikiliza. Nilichoomba ni kwamba kabla ya kupiga kura tushuke pamoja, wazee wa kanisa na washarika, tukawatembelee majirani wa bondeni, tuwaulize maji ya paa letu huwafikaje.