Mkate, Maji na Usingizi

Somo: 1 Wafalme 19:4–8

Eliya alipofika chini ya mretemu kule jangwani hakuwa na sala ndefu. Aliomba afe. Nabii aliyetoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli alikuwa amechoka hata kesho hakuitaka, akajilaza. Malaika alipomjia hakumkemea kwa kupungukiwa imani, wala hakumwuliza ametenda dhambi gani. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi na chakula kilekile, kwa sababu safari iliyobaki ilizidi nguvu za nabii.

Somo hili limenikaa moyoni kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi na selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita sikoseli. Hapa Kanda ya Ziwa ni vigumu kupata usharika usio na familia inayoujua ugonjwa huu kwa machozi. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni laini, nazo huishi siku 120 hivi. Za mgonjwa wa selimundu hujipinda kama mundu, hukakamaa na kufa baada ya siku 10 hadi 20 tu. Zikirundikana kwenye mishipa midogo, damu haipiti. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, ya miguu, mgongo, tumbo au kifua, na baadhi ya wagonjwa husema hawajui maumivu mengine ya kuyafananisha nayo. Yakiisha hubaki uchovu, upungufu wa damu, na yale macho ya manjano ambayo watu huyatolea maneno njiani.

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Wazazi wazima ambao kila mmoja amebeba kinasaba kimoja, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Basi mama anayeambiwa kwamba laana imetoka kwao anasingiziwa. Kinasaba hicho kimeenea kwetu kwa sababu anayebeba kimoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, jambo ambalo daktari Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alilichapisha mwaka 1954. Hakuna mchawi katika habari hii.

Sasa tazameni yanayoamsha maumivu: baridi, kiu, homa, kuchoka kupita kiasi. Kisha tazameni ratiba zetu. Tunaita mkesha hadi alfajiri. Tunatangaza funga ya siku nzima bila hata tone la maji. Ndugu zetu wa makanisa mengine huwazamisha wabatizwa ziwani kabla jua halijachomoza. Yote haya ni ibada njema kwa mwenye nguvu. Kwa kijana wa selimundu, usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kumlaza wodini juma zima, na akirudi anaulizwa kwa nini imani yake haikumponya. Mimi naamini Mungu huponya. Naamini pia kwamba Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake na haukuondolewa, na hatusomi popote kwamba wazee wa Korintho walimtenga kwa hilo.

Maisha ya ugonjwa wa kudumu hayaishii hospitali. Sehemu yake kubwa ni siku za kawaida: kumeza foliki asidi asubuhi, na haidroksiurea kwa aliyeandikiwa na daktari, kutembea na chupa ya maji, kuvaa sweta wakati wengine wanapepewa, kuhesabu nguvu za leo kabla ya kuahidi lolote la kesho. Siku hizo ni nyingi, na upweke wake ni mzito. Msiba una watu wake. Ugonjwa usioisha, watu huuzoea na kuuacha kwa mwenyewe.

Katika usharika wetu yupo binti anayefuma vitambaa. Hafumi kwa kuuza, ingawa vinapendeza. Kitambaa kimoja humchukua muda mrefu, maana kuna majuma ambayo vidole vinauma na uzi unabaki kikapuni. Nilipomwuliza kinachomrudisha kwenye kazi ile, alinijibu: “Mchungaji, mikono ikishughulika, maumivu hayanijazi kichwa kizima.” Nimehubiri miaka mingi, na sijapata kulisema jambo hili vizuri hivyo. Mwingine anapanda mchicha kwenye magunia nyuma ya nyumba. Mwingine anajifunza kinanda akiwa ameketi. Wapo wanaoyaona haya kuwa ni kupoteza muda, eti mgonjwa angetumia saa hizo kuomba. Wasome Kutoka 31, wamwone Bezaleli, fundi aliyejazwa roho ya Mungu ili achonge, anakshi na kutengeneza vitu vizuri. Mungu hana wivu na sindano ya kufumia.

Na yupo anayekaa kimya. Tafakari ya mgonjwa si lazima iwe ya maneno mengi. Anaweza kuchukua mstari mmoja wa Zaburi, akavuta pumzi taratibu kwa nusu ya kwanza na kuitoa kwa nusu ya pili, akarudia hadi mabega yalegee. Watu wa Mungu walitafakari vitandani tangu zamani, katika zamu za usiku, kama Zaburi ya 63 inavyoonyesha. Maumivu hayaondoki kwa hilo, lakini hofu hupungua, na mtu mwenye hofu kidogo huubeba usiku kwa namna nyingine. Siku ambayo hata mstari haupiti kooni, ipo Zaburi ya 88, inayoanza na kilio na kuishia gizani bila neno la faraja. Imeachwa ndani ya Biblia jinsi ilivyo. Mgonjwa asiyeweza kusema haleluya leo ana zaburi yake.

Lakini kimya na kufuma si badala ya daktari. Mgonjwa wa selimundu akipata homa, akibanwa na kifua, akishindwa kupumua vizuri, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, mpelekeni hospitali saa ileile. Tutaomba tukiwa njiani. Wala asiwepo mtu wa kumwambia aache dawa ili kuipima imani.

Wazee wa usharika na viongozi wa jumuiya, nawaomba jambo moja. Mnapotangaza funga ijayo, semeni mbele ya watu wote kwamba wenye selimundu, kisukari, vidonda vya tumbo na wajawazito watakula na kunywa, na kwamba sala zao zinahesabiwa pamoja na zetu. Lisemwe kwa sauti, madhabahuni, ili pasiwe na kijana anayejificha nyuma ya kanisa kunywa maji.