Mtoto Mdogo Mahali pa Kale

Toka Rusizi, Cyangugu ya zamani, si mbali kufika Shangi, kando ya Ziwa Kivu. Hapo, mwaka 1896, mikuki ya Wanyarwanda ilishindwa na bunduki za askari wa Dola Huru ya Kongo, na jemadari Bisangwa akauawa. Je, yafaa kumpeleka huko mtoto wa miaka mitano? Wako wasemao kuwa ataona kilima tu, atacheza, atachoka. Ni kweli, lakini adabu hutangulia elimu. Asiyejua vita hutambua sauti ya mzazi inaposhuka. Basi tumwache akimbie, kisha tumtajie jina la Bisangwa, pasipo kumtia chuki. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nasi twaongeza: asikunjwe hata akavunjika.