Ni nani aliyevunja neno?

Vijana wetu wapendao mpira wa kikapu wangali wanabishana juu ya Julai 2019, wachezaji wakubwa wa Marekani walipohamahama timu. Wanauliza: nani alikosa uaminifu?

Lazima turudi nyuma kidogo. DeMar DeRozan alichezea Toronto miaka 9. Mwaka 2016 alikuwa huru kwenda popote, akabaki. Mwaka 2018 wakubwa wa timu wakampeleka San Antonio, wakampata Kawhi Leonard. DeRozan alilalamika waziwazi kwamba aliambiwa hivi, ikawa vingine. Leonard akacheza mwaka mmoja tu. Toronto ikapata ubingwa wake wa kwanza (Serge Ibaka, mtoto wa Brazzaville, alikuwamo). Kisha Leonard akaenda Clippers, Los Angeles, alikozaliwa.

Wengi walimwita mtu asiye na shukrani. Sisi hatukubali. Mapatano yake yalimruhusu kuondoka mwaka ule, naye alicheza kwa nguvu zake zote.

Paul George ni habari nyingine. Alitia sahihi mapatano mapya na Oklahoma City mwaka 2018, na baada ya mwaka mmoja akaomba apelekwe alikokwenda Leonard. Tunajua, badala yake timu ilimpata Shai Gilgeous-Alexander, na mwaka 2025 ikawa bingwa. Lakini faida iliyokuja nyuma haimwondolei George neno lake.

Na wakubwa wa Toronto? Sheria iliwaruhusu kumtoa DeRozan bila kumwuliza. Hata hivyo, kama kweli walimwambia atabaki, walipaswa kumwendea wao kwanza, kabla hawajatia sahihi.