Nani Abebe Hasara ya Karamu?

Katika lugha yetu lipo neno uchuro. Anayetaja msiba mbele ya bwana harusi, au anayeuliza itakuwaje turubai likianguka, huambiwa aache uchuro wake, naye mara nyingi hunyamaza. Neno hili lina hekima yake, kwani furaha haipendi kukumbushwa kaburi. Lakini lina hasara yake pia. Linafunga mazungumzo ambayo yangepaswa kufanyika mapema, wakati watu wote wangali na akili tulivu. Mazungumzo yenyewe ni juu ya swali moja tu: mtu akiumia katika shughuli yetu, nani abebe hasara yake?

Swali hili linawahusu wale wanaoishi kwa kazi ya sherehe, yaani waandaaji, wapishi, wapambaji, wenye maturubai na viti, wenye muziki na jenereta. Linatuhusu pia sisi tunaowakodi. Jibu la kibiashara linafahamika, kwamba wakate bima. Shabaha yangu hapa si kuinadi bima. Nataka kupima kama mtu afanyaye kazi hiyo bila ya bima anatenda haki, na kama hatendi, kwa nini sisi sote tumeridhika naye.

Tuanze na maneno yenyewe. Waswahili husema ajali haina kinga, na methali hiyo hutumika kufunga shauri. Lakini kinga na bima ni vitu viwili. Kinga huzuia jambo lisitokee. Bima haizuii kitu. Mlingoti wa turubai utaanguka vilevile, uwe na bima au usiwe nayo. Kazi ya bima huanza baada ya mlingoti kuanguka. Neno lenyewe limetufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na asili yake ni Kiajemi, ambamo bim ni hofu. Basi hata tukikubali kwamba methali ni ya kweli, haijatujibu. Inatuambia kuwa ajali zitakuja. Juu ya nani atalipa, imenyamaza.

Zamani swali hili halikuwa gumu, kwa sababu karamu haikuwa biashara. Majirani walileta masufuria, kuni na mikeka. Kina mama walichambua mchele pamoja. Vijana walikata miti na kusimamisha banda. Aliyeungua kwa mafuta aliuguzwa na watu walewale aliokuwa akipika nao. Akishindwa kulima, shamba lake lililimwa, na watoto wake walikula nyumba ya pili. Alipoambiwa "tusameheane", msamaha huo ulikuwa na kitu nyuma yake. Tena leo ni kwake, kesho ni kwangu: aliyesamehe alijua kwamba siku moja naye atahitaji kusamehewa na watu hao hao.

Leo mambo ni mengine. Ipo kamati, ipo bajeti, yapo michango ya kadi. Ukumbi hukodiwa, mpishi hulipwa kwa idadi ya sahani, mpambaji hudai malipo ya kutanguliza, na mshereheshaji hutoza kwa usiku mmoja. Sioni ubaya wowote hapo. Watu wamepata riziki ya halali, na mwenye shughuli amepumzika kidogo. Lakini tumeibadili kazi bila kuibadili lugha ya lawama. Wakati wa kupatana bei tunazungumza kama wafanyabiashara, na kila mtu anahesabu faida yake. Mtu akiumia, ghafla sote tunakuwa ndugu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anayeuza chai na maandazi kando ya barabara amealikwa harusini. Upepo unavuma, vigingi vya turubai havikukita vya kutosha, na mlingoti wa chuma unamwangukia na kumvunja paja. Baada ya siku mbili ujumbe unakwenda kumwona: mwenye maturubai, mjumbe wa kamati, na mzee mmoja msemaji. Wamechukua matunda, sabuni na bahasha. Mzee anaeleza kwamba hayo ni mipango ya Mungu na hakuna aliyeyapenda. Mama anajibu kwamba amesamehe. Wageni wanaaga wakiwa na amani. Mama anabaki na miezi kadhaa ya kutouza, mtaji wake unaliwa, na wanawe wanatafutiwa pa kukaa. Mwenye maturubai si mtu mbaya. Maturubai yenyewe aliyanunua kwa mkopo, na hata akiyauza yote huenda yasitoshe matibabu na mapato yaliyopotea.

Je, ule ulikuwa msamaha? Mimi naona ulikuwa kitu kingine kilichopewa jina hilo. Kusamehe ni kuacha kudai kile ambacho ungeweza kukidai. Mtu anayekudai akakusamehe, amekupa kitu chake. Lakini yule mama hakuwa na cha kumpa mtu. Kama alikuwa na haki kisheria, hakuwapo wa kuilipa. Na kwa kuwa hakuwapo wa kulipa, hapakuwa na uchaguzi. Tulichomwomba ni kunyamaza, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, alinyamaza.

Hapo ndipo nionapo uzito wa kimaadili wa ile bima inayoitwa bima ya dhima, ambayo hulipa madhara aliyoyapata mtu mwingine kwa kosa la mwenye bima. Bima ya vifaa humlinda mwenye vifaa; akipenda asiikate, na hasara ni yake. Bima ya dhima humlinda mgeni. Anayeiacha anaokoa fedha zake kwa kuweka mguu wa mtu mwingine rehani, wala mtu huyo hajaulizwa. Ikiwapo bima, mama yule anapata haki yake kwanza, kisha yu huru kusamehe au kutosamehe. Haki ikitangulia, msamaha unakuwa wa hiari.

Watatokea watakaosema kwamba mama huyo hakulipia chochote, hana mkataba na mwenye maturubai, basi adai nini? Hoja hiyo ilikwisha kufikishwa mbele ya mahakama. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke aliyeitwa May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Alidai kwamba ndani yake mlitoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Kwa kuwa hakuinunua yeye, hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Na alikuwa maskini hata akaruhusiwa kuendesha rufaa yake kama mtu asiye na uwezo. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, lilikubali kwa majaji 3 dhidi ya 2 kwamba mtengenezaji wa kinywaji huwa na wajibu kwa mnywaji. Jaji Lord Atkin aliijenga hoja yake juu ya swali la kwenye Injili: jirani yangu ni nani? Kwa sheria, akasema, jirani ni yule ambaye ninapaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa kuwa tendo langu laweza kumdhuru. Kanuni hiyo imerithiwa na sheria za Tanzania na Kenya. Mgeni wa harusi anayekula pilau asiyoinunua, chini ya turubai asilolikodi, ni jirani wa namna hiyohiyo.

Wengine watasema kukata bima ni kutomtegemea Mungu. Lakini vitabu vya dini havikututuma tuache mambo yajiendee. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humwagiza mjenzi aweke ukingo kwenye paa la nyumba. Hiyo ndiyo kinga. Kutoka, sura ya 21, humtaka aliyeacha shimo wazi amlipe mwenye mnyama aliyetumbukia. Hiyo ndiyo fidia. Waislamu nao wamefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Shaka ya Waislamu juu ya bima ina kina zaidi ya hapo, na haifai kubezwa. Wanachuoni wengi wanaona katika bima ya kawaida mna kuuza jambo lisilojulikana, mna harufu ya kamari, na mna riba. Mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililoko Jeddah lilitamka kwamba bima ya kibiashara haifai, na papo hapo likaikubali bima ya ushirika, ambayo washiriki huchangiana ili kusaidiana. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo, yaani takafuli, ilianzishwa Sudan mwaka 1979, na Afrika ya Mashariki nayo imekwisha kuingia. Wazo lenyewe si geni. Tangu kale, mtu aliyeua bila kukusudia alisaidiwa na ukoo wake kulipa diya. Wafiwa hawakuachwa mikono mitupu, na mkosaji hakuangamizwa kwa kosa asilolikusudia. Naona bima njema ni ukoo wa namna hiyo, uliofanywa na watu wasiojuana.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni hili: je, mwenye bima hatanunua uzembe wake? Hatasema, "Wacha lianguke, watalipa"? Hatari hiyo ipo, na kampuni za bima zenyewe zinaijua. Ndiyo maana hazilipi madhara ya makusudi, huweka kikomo cha fidia, humwachia mwenye bima sehemu ya kwanza ya hasara, na humtaka aeleze ukweli wote kabla ya kukubaliwa. Akificha, hati yake yaweza kuwa karatasi tupu. Lakini hata kama masharti hayo yasingekuwapo, jibu langu ni kwamba bima hulipa fedha tu. Haimwondolei mtu wajibu wa kukita kigingi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuwekwa kwenye baridi, na kinachosubiri kuliwa kidumishwe na moto wa zaidi ya nyuzi 60. Mpishi anayepika biriani alfajiri kwa karamu ya jioni akaliacha lipoe kwenye masufuria, hana hati ya bima itakayomfanya awe mwaminifu. Na baada ya fidia kulipwa, bado kuna kwenda hospitali, kuna kuomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Hayo hayana wakala.

Yupo mwingine ambaye hata hakualikwa, naye ni kijana wa kibarua anayepanda juu ya mlingoti kufunga taa. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ambao waajiri hupaswa kuuchangia. Lakini kijana aliyeokotwa kijiweni asubuhi na kulipwa usiku, jina lake haliko katika daftari lolote. Akianguka, ataambiwa yaleyale aliyoambiwa mama wa maandazi.

Sasa gharama. Mwenye maturubai mawili na viti 100 vya plastiki atauliza fedha za bima zitoke wapi, naye anauliza haki. Historia yetu haikumsaidia. Tanzania Bara, bima ilitaifishwa mwaka 1967, na kwa karibu miaka 30 Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungulia mlango kampuni binafsi. Wengi tulikua tukiijua bima kama stika ya kubandika kwenye kioo cha gari. Hata hivyo stika hiyo ilikuwa na funzo ambalo hatukulisoma. Sheria humkataza mtu kuendesha gari barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu, hata kama gari ni bovu na mwenyewe ni maskini, kwa sababu anayegongwa hakuchagua kugongwa. Mlingoti wa chuma hauna huruma kuliko gari.

Jibu la kweli juu ya gharama ni kwamba ada ya bima ni sehemu ya bei ya turubai, kama vile dizeli ilivyo sehemu ya bei ya jenereta. Inapokosekana katika bei, haikutoweka. Imehamishiwa kwa mgeni mmoja asiyejulikana, ambaye atailipa yote kwa siku moja. Kwa hiyo lawama haimwangukii mtoa huduma peke yake. Kamati inayotenga fedha za keki ya ghorofa tano, kisha ikamchagua mwenye maturubai kwa sababu ni rahisi kuliko wote, imeshiriki katika uamuzi huo. Ni wajibu wa kamati kuuliza swali moja zaidi wakati wa kupatana, na kuwa tayari kulipa tofauti ya bei. Watoa huduma wadogo nao, kama wanavyochangiana misiba, wanaweza kuiendea kampuni ya bima wakiwa kundi badala ya kila mmoja kwa mlango wake.

Najua anayeuliza swali hilo kwenye kikao atatazamwa kama mleta uchuro. Na avumilie. Tunapotuma kadi tunamwambia mtu aache shughuli zake, avae nguo yake nzuri, aje akae mahali tulipopachagua na ale tulichompikia. Yeye hakagui vigingi wala hafunui masufuria, kwa sababu ametuamini. Aliyeaminiwa hivyo anapaswa kujua, kabla mgeni wa kwanza hajaketi, ni nani atakayesimama na mgeni huyo endapo mambo yataharibika.