Yusufu Alilia Ikulu

Fungueni Kitabu cha Mwanzo, wapendwa, sura ya 42, msome taratibu hadi mwisho wa sura ya 50, kisha mniambie Yusufu alilia mara ngapi. Habari za Yusufu nimehubiriwa tangu shule ya Jumapili, na kila mhubiri alikuwa na haraka ya kumtoa shimoni, kumtoa gerezani, kumvika pete ya Farao, tukaimba tukarudi nyumbani. Machozi yake hakuna aliyenionyesha. Nami leo sina ujumbe mwingine ila machozi hayo, kwa sababu katikati yetu wamo ndugu waliotoka gerezani baada ya miaka 10, 20, wengine 30, na usiku wanalia peke yao wakidhani wamepungukiwa na imani.

Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Hapo katikati kulikuwa na utumwa, kusingiziwa, kifungo, na miaka 2 mizima ya kusahauliwa na mnyweshaji wa Farao, ambaye Yusufu alimwomba amkumbuke. Katika miaka hiyo 13 Maandiko hayatusimulii chozi lake hata moja. Kwamba alitaabika na kusihi kule shimoni tunakuja kulijua baadaye sana, tena kwa vinywa vya kaka zake wenyewe, walipoanza kulaumiana mbele yake wasijue kwamba anaelewa kila neno. Imepita miaka 20 na ushei. Yeye ni mkuu wa nchi, ana mke, ana watoto wawili, maghala yamejaa. Kusikia tu siku ile ikitajwa kwa lugha ya nyumbani, akageuka, akaenda kando, akalia.

Sura ya 43 anamwona mdogo wake Benyamini, anakimbilia chumbani, analia, ananawa uso, anajikaza, anaagiza chakula kiletwe. Wanaume mliopo hapa, mnakujua kunawa huko! Sura ya 45 hawezi tena: anawatoa watu wote nje na kulia kwa sauti hata nyumba ya Farao inasikia. Na katika sura ya 50, baba yao Yakobo amekwisha kufa baada ya kuishi Misri miaka 17, Yusufu ni mtu wa miaka 56 hivi. Kaka zake wanamtumia ujumbe wakihofia kisasi, naye analia tena. Karibu miaka 40 tangu lile shimo! Na Mungu alikuwa pamoja naye muda wote huo. Maandiko yanalisema hilo akiwa gerezani kwenyewe. Basi ni nani aliyekuambia, ndugu yangu, kwamba mtu aliye na Mungu hashtuki usiku?

Yupo mzee wetu mmoja aliyerudi baada ya kifungo kirefu. Jumapili hukaa benchi la mwisho, mgongo ukutani. Siku moja, mahubiri yakiendelea, mtunza kanisa alipita ubavuni na rundo la funguo mkononi, funguo zikalia. Mzee akainuka papo hapo, mikono nyuma, kichwa chini, akasubiri. Sisi sote tumeketi, yeye amesimama, hadi mjukuu wake alipomvuta koti. Nimemwona pia mlangoni pa ofisi ya usharika, mlango umerudishiwa tu, naye amesimama nje kwa adabu akingoja mtu amfungulie. Kwa miaka mingi kila mlango wake ulifunguliwa na mkono wa mwingine.

Wako waliocheka siku ile ya funguo. Walicheka kwa kutojua, na leo nataka wajue. Mwili uliofundishwa kwa miaka kuchuchumaa watano watano ili uhesabiwe, kulala na jicho moja wazi katika bweni lililofurika, kumpima nyampara usoni ili kujua leo kutakuwaje, mwili huo haupokei barua ya msamaha siku ile unapoipokea wewe. Hatari imekwisha lakini mwili bado uko lindo. Ndiyo maana ndoto zinamrudisha gerezani mtu aliyekwisha kutoka, kelele ndogo inamrusha, umati wa sokoni unambana kifua, na akiulizwa ale wali au ugali anakosa jibu. Kiwewe ni jeraha kama jeraha jingine lolote, ila hili halina bandeji ambayo jirani anaweza kuiona akakuonea huruma.

Nelson Mandela alifungwa miaka 27, akatoka gereza la Victor Verster tarehe 11 Februari 1990, dunia nzima ikishangilia. Alipojenga nyumba kijijini kwao Qunu, alifuata ramani ya ile nyumba ya askari ndani ya gereza alimomalizia kifungo chake, kwa kuwa alikwisha kuizoea. Na macho yake yalibaki yameumia kwa vumbi na mwanga mkali wa machimbo ya chokaa ya Kisiwa cha Robben. Nani atathubutu kumwita yule mtu dhaifu? Basi usijiite wewe.

Hapa kwetu Tanzania, tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli akiwa Dodoma aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Nchi yetu haijanyonga mtu tangu 1994, lakini aliye ndani ya hukumu ile hapewi tarehe, wala haambiwi kwamba haitakuja. Hebu fikirini kuamka alfajiri mwaka baada ya mwaka, ukisikiliza viatu vya askari vinasimama mlango gani. Kisha siku moja unaambiwa nenda nyumbani, na nyumbani mke ameolewa, shamba limegawanywa, na mtoto uliyemwacha mgongoni anakuamkia kama mgeni.

Utaniambia: Mchungaji, Yusufu alionewa, mimi nilitenda. Nimekusikia, na sitapita pembeni. Ipo familia inayomlilia mtu wake kwa sababu yako, na wewe huidai tabasamu wala haraka ya kusamehe; ina haki ya kukaa mbali nawe maisha yake yote. Lakini soma mwisho wa Wafalme wa Pili. Mfalme Yehoyakini alitawazwa akiwa na miaka 18, na Maandiko yanasema wazi kwamba alitenda maovu. Akachukuliwa Babeli, akafungwa. Mwaka wa 37 mfalme mpya akamtoa, akasema naye kwa upole, akamvua mavazi ya gerezani, akamketisha mezani pake, akampa posho ya kila siku, siku zote za maisha yake. Sioni mahali alipotakiwa kwanza athibitishe kuwa amepona. Alianza kwa kusemeshwa vizuri, kuvikwa na kulishwa, na alilishwa kesho yake, na mtondo.

Sasa nageukia kanisa, na hapa sauti yangu itapanda. Matendo ya Mitume sura ya 12: Petro yuko kifungoni, waumini wamekesha wakimwombea nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko. Mungu anajibu, Petro anatoka, anabisha hodi. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anaacha mlango umefungwa, anarudi ndani mbio kutangaza. Wao wanamwambia ana wazimu! Maombi yamejibiwa, yuko nje gizani anagonga. Tunawaombea wafungwa kila ibada, tunapeleka sabuni na biskuti gerezani wakati wa Krismasi, na Mungu wa kweli anayetujibu akimleta mmoja wao mlangoni tunaulizana kama ni salama kukaa naye benchi moja. Au tunampa kipaza sauti atoe ushuhuda, tunapiga makofi, kisha anaenda kulala kwenye kibaraza cha duka. Fungueni mlango!

Wenye nyumba, akina mama na vijana mliompokea baba aliyerudi, msimwamshe kwa kumgusa. Mwiteni jina kutoka mbali. Msimfungie mlango kwa nje hata kwa dakika moja. Akitaka taa iwake usiku kucha, iwake. Akikaa kimya siku tatu, msiseme amenuna. Msimlazimishe kusimulia, na akianza kusimulia saa 9 usiku, kaeni naye.

Nawe uliyetoka, mwanangu, kaka yangu, dada yangu, maana wako na wanawake na wao wanasahaulika zaidi: usiizamishe ndoto kwenye gongo. Gongo itakunyamazisha usiku mmoja na kukuuza asubuhi. Mtafute mtu mmoja, mmoja tu, umwambie ukweli. Kwenda kwa daktari wa afya ya akili, iwe Muhimbili, Mirembe au hospitali ya rufaa ya mkoa wako, si kumkana Mungu, na wanaokucheka kwa kutajwa Mirembe wasikunyime dawa. Kila siku chagua kitu kidogo mwenyewe: njia ya kupita, mboga ya kununua, mlango wa kuufungua kwa mkono wako. Ukishtuka, shtuka, kisha taja kwa sauti mahali ulipo na siku ya leo. Na ukilia, lia. Yusufu alilia akaendelea kugawa nafaka, nchi nzima ikala.

Wazee wa usharika, wiki hii nataka majina ya waliotoka gerezani. Wengi wa waliorudi hawana namba ya kitambulisho ya NIDA, na bila hiyo hawasajili laini ya simu, na bila laini hata kibarua hawaitwi. Mzee mmoja ashike mtu mmoja: aende naye kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua ya utambulisho, asimame naye foleni, amlipie nauli ya kliniki na kurudi, na mwezi ujao aende naye tena.